Jiwe la Mia Nne na Kumi na Mbili

Bwana Miwani hakusalimia. Hilo peke yake lilimtosha Bibi Kokoto kumjua ni mtu wa namna gani, kabla hata hajaliona kopo la rangi mkononi mwake. Mtu mzima anaingia uwanjani kwa watu asubuhi, anamkuta mwanamke wa miaka sabini na sita amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, anampita kama anavyopita kichaka, halafu anainama mbele ya ukuta na kuanza kuchora. Alichora X nyekundu, kubwa, mguu mmoja ukianzia chini ya dirisha la chumba cha mbele na mwingine ukikomea kizingitini. Chini yake akaandika KM 412. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika.

"Umemaliza?" Bibi Kokoto akauliza.

Akageuka. Alikuwa mpima wa ofisi ya barabara, kijana wa miaka thelathini hivi, buti zimetoka dukani juzi na miwani myeusi imeganda usoni. Hiyo miwani ndiyo iliyompa jina. Mtaa ulishampachika tangu alipofika jana yake.

"Bibi, nyumba hii inaondoka. Una siku saba."

"Inaondoka inakwenda wapi?"

"Inavunjwa. Hapa panajengwa mizani ya kupimia malori. Karatasi inasema kilomita ya mia nne na kumi na mbili ya barabara kuu, upande wa magharibi. Na mliojenga ndani ya hifadhi ya barabara hamlipwi kitu, ndivyo sheria ilivyo."

"Na nani kakwambia hapa ni mia nne na kumi na mbili?"

"Jiwe," akasema Bwana Miwani, akalionyesha kwa kidole. Jiwe lenyewe lilisimama pembeni mwa lami, hatua kumi kutoka mlangoni, urefu wake mpaka kiunoni, na usoni kwake namba imechongwa inasomeka: 412.

Bibi Kokoto akalitazama jiwe, akamtazama kijana, akarudi kwenye mchele wake. Alikuwa na la kusema, tena la kumaliza shauri lote palepale. Akalimeza.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo ambalo Bwana Miwani hakulijua, ingawa alisomea barabara miaka minne na akapewa cheti.

Barabara kuu ile inatoka mpaka wa kaskazini na kuishia mpaka wa kusini, kilomita mia nane ishirini na sita. Ilijengwa miaka hamsini na mitano iliyopita, na ilijengwa kama watu wawili wanavyokula sahani moja: kikosi kimoja kilianzia kaskazini, kingine kusini, kila kimoja kikilamba upande wake. Kila kilomita jiwe, na kila kikosi kikahesabu kutoka kwao. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza itakuwaje wakikutana. Wakakutana hapa, katikati, kwenye jiwe la mia nne na kumi na tatu. Basi dereva aliyetoka kaskazini alikuwa akifika mji huu ameshahesabu mia nne na kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na akiendelea mbele anakutana tena na kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Madereva wakawa wanasema barabara hii ukipita mjini inakurudisha kwenu.

Wakubwa walipochekwa vya kutosha wakatoa amri: hesabu ni moja, kutoka kaskazini; mawe yote ya nusu ya kusini yang'olewe, yachongwe mengine. Kazi akapewa fundi mawe, mume wa Bibi Kokoto. Mawe zaidi ya mia nne. Akaanzia mpaka wa kusini, akang'oa kumi na moja, mgongo ukamuuma, akakaa chini akawaza, na katika kuwaza huko akagundua kwamba jiwe lina mgongo pia. Kuanzia la kumi na mbili hakung'oa tena. Alichonga namba mpya upande wa nyuma, unaotazama kaskazini, na ile ya zamani, inayotazama kusini, akaifunika kwa chokaa na saruji kidogo. Ndoo ya chokaa alibeba mke wake, jiwe kwa jiwe, na mimba ya mtoto wao wa kwanza tumboni.

"Na wakizunguka nyuma wakaangalia?" mke alimuuliza.

"Nani atazunguka nyuma ya jiwe?" alisema fundi. "Wewe umeshawahi kumwona mkubwa anazunguka nyuma ya kitu?"

Na kweli. Mkaguzi alikuja kwa gari kutoka kaskazini, akasoma namba moja moja mpaka mpaka wa kusini, zote sawasawa, akapanda ndege akarudi kwao. Fundi akapewa cheti na blanketi.

Miaka ikaenda. Mawe mengi yaliibwa yakawa misingi ya nyumba, na yaliyobaki hakuna aliyekuwa na haja ya kuyasoma. Hili la mlangoni kwa Bibi Kokoto lilibanduka chokaa mvua zilizopita. Yeye alikiona kipande kikianguka, akakifagia pamoja na majani.

Sasa kwa nini alimeza maneno? Si kwa woga. Ni kwa sababu ya kitabu. Ofisi ya barabara ilikuwa imetoa kitabu chembamba cha historia ya barabara kuu, chenye picha, na ukurasa wa kumi na tisa uliandikwa jina la marehemu mumewe: fundi mwaminifu aliyechonga kila jiwe kwa mkono wake, kwa usahihi na bila kuchoka. Mwanawe, dereva wa lori, aliukata ukurasa huo akaubandika ndani ya kioo cha lori lake, akawa anautembeza kaskazini kusini kila wiki. Bibi Kokoto aliposomewa yale maneno "bila kuchoka" ilibidi atoke nje. Lakini hakumwambia mtu. Mume ni mume hata akiwa amekufa.

"Mama, tufanyeje?" mkwe wake, mke wa yule dereva, aliuliza baada ya Bwana Miwani kuondoka. Mkwe alikuwa mshonaji, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, nyuma ya ukuta ule uliopakwa X. "Twende kwa Bwana Pampu? Yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa. Tumwombe."

"Yule?" Bibi Kokoto alipuliza pumba kwenye ungo. "Yule nilimwogesha akiwa hajui kufunga kaptula. Alikuwa anakula udongo. Mtu uliyemtoa udongo mdomoni, ukamwombe nyumba?"

"Mama, siyo wakati wa kudharau watu."

"Wakati wake ni upi? Niambie nisubiri."

Mkwe akaingia ndani. Baadaye Bibi alimsikia akiisukuma cherehani kuelekea mlango wa nyuma. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba vitatu tu, lakini sakafu yake Bibi Kokoto aliimwaga mwenyewe, kwa kokoto alizozigonga kwa nyundo miaka kumi na tisa akiuzia barabara. Zile walizozikataa kwamba ni ndogo mno ndizo alizobeba kichwani akaja kulalia. Alisikiliza ile sauti ya magurudumu ya chuma juu ya sakafu yake, na mchele ukamshinda.

Kesho yake saa nne kulikuwa na mkutano katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele, kwenye kiti cha mwalimu, alikaa Bwana Pampu, mwenye kituo cha mafuta na nyumba ya wageni kaskazini mwa mji, mtu wa tumbo lililotangulia na sauti iliyofuata. Bwana Miwani alisimama kando yake kama mwavuli. Alikuwa amelala kwenye nyumba ya wageni ya huyo mwenyekiti, bure, na gari la ofisi lilikuwa kwenye kituo chake likijazwa mafuta.

Bwana Pampu akafungua kitabu cha historia. Alisema kwanza watu waelewe barabara yao ilikotoka, ndipo waone maana ya mizani.

"Barabara kuu," alisoma, "ilichorwa na wataalamu wakifuata njia fupi kuliko zote."

Bibi Kokoto alikohoa. "Samahani, mwenyekiti. Kati ya hapa na daraja kuna kona tatu, na ardhi ni tambarare kama kiganja. Hizo ni za ufupi gani?"

"Mama, huo ni utaalamu."

"Kona ya kwanza ni ya mkubwa mwenye shamba. Alisema ng'ombe wake wakisikia malori watakauka maziwa. Ya pili ni ya nyapara, alitaka barabara ipite dukani kwa shemeji yake. Ya tatu ni ya kuirudisha barabara ilikokuwa inakwenda kabla ya zile mbili."

Darasa likacheka. Bwana Pampu akageuza ukurasa. "Daraja la kwanza lilijengwa kwa ustadi mkubwa juu ya mto."

"Mto uko mita mia mbili pembeni," alisema mzee mmoja wa nyuma. "Mimi navua pale."

"Walijenga kiangazi," Bibi Kokoto akamweleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Waliona pakavu panafaa kwa kazi. Nafikiri walitegemea kuuleta mto baadaye."

"Na ile sehemu iliyonyooka kilomita arobaini?" mwingine akachokoza. "Ile nayo ni ya nani?"

"Pale mchoraji alikuwa na homa. Akaweka rula, akapiga mstari, akalala."

Hata Bwana Miwani alitaka kucheka, akaona mwenyekiti anamtazama, akakunja uso. Bwana Pampu akafunga kitabu.

"Sawa, tumecheka. Sasa tuseme ya maana. Maendeleo hayaji bila mtu kuumia. Nyumba ya mama huyu itavunjwa, na mimi inaniuma, kwa sababu namheshimu kama mzazi. Lakini ingekuwa ni yangu ningetoa nyundo mwenyewe. Karatasi ni karatasi. Jiwe ni jiwe."

Bibi Kokoto alimtazama mkwe wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungushia tepu kidoleni, anaifungua, anaizungushia tena. Usiku uliopita hakushona hata kifungo. Bibi akaona kwamba amesubiri kadiri ya heshima ya marehemu, na sasa heshima hiyo inataka kumla aliye hai.

Akainuka. Alichukua muda, kwa sababu dawati lilimbana.

"Mjukuu wangu," akamwambia Bwana Miwani, "uliingia mji huu ukitokea wapi?"

"Kusini. Ofisi yetu iko kusini."

"Na mawe ya njiani uliyasoma?"

"Nililala kwenye gari, bibi. Dereva aliniamsha tulipofika."

"Na kile kidude chenu cha kupimia?"

"Betri yake bado haijaletwa."

"Karatasi yako inahesabu kutoka upande gani?"

"Kaskazini. Karatasi zote za ofisi zinahesabu kutoka kaskazini."

"Basi twende ukalitazame jiwe mgongoni."

Wakaenda wote, mkutano mzima, kwa sababu hakuna anayebaki darasani kukiwa na la kutazama nje. Mgongo wa jiwe ulikuwa umeota ukoka na kuvu jeusi. Bibi Kokoto akaagiza maji na brashi ya kufulia, akampa Bwana Miwani.

"Piga magoti usugue. Mimi nilipiga magoti hapo na tumbo la miezi saba, wewe huna hata mzigo."

Bwana Miwani akavua miwani. Bila miwani alikuwa na macho ya mtoto aliyeamshwa. Akasugua, matope yakamrukia kwenye buti zake, na kuvu likatoka kidogo kidogo mpaka namba zikaonekana moja moja. Nne. Moja. Nne.

"Mia nne na kumi na nne," akasoma, akarudia kimyakimya, midomo ikicheza.

Ndipo Bibi Kokoto akasimulia. Hakupunguza kitu: vikosi viwili, amri, mawe kumi na moja, mgongo wa fundi, mgongo wa jiwe, ndoo. Alipofika kwenye mkaguzi aliyerudi kwa ndege watu walicheka tena, lakini mkwe wake hakucheka. Bwana Miwani alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo mia nne na kumi na mbili ya kweli iko..." Akageuka kaskazini. Watu wote wakageuka naye. Kilomita mbili, barabara tupu ikapanda kidogo, na upande wa magharibi, juu ya paa refu la bati, kibao cha kituo cha mafuta kilikuwa kinazunguka.

Bwana Pampu alipenya katikati ya watu. Alimshika Bibi Kokoto kiwiko, kwa adabu kubwa, akampeleka uwanjani kwake, chini ya dirisha.

"Mama yangu," akaanza, "wewe umeshazeeka."

"Nilijua ipo siku utaniletea habari mpya."

"Nasema kwa wema. Mtu akizeeka huchanganya mambo. Ukisema sasa hivi kwamba umechanganya, hakuna wa kukulaumu. Nyumba nitakutafutia nyingine, hiyo nakuahidi. Lakini ukishikilia hayo uliyosema, fikiria marehemu. Kitabu kinachapwa upya mwezi ujao. Watamtoa. Watasema alidanganya serikali. Mwanao anatembea na jina la baba yake kwenye kioo cha lori, leo ukamwambie baba yake alikuwa mzembe?"

Bibi Kokoto alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na subira ya mtu aliyegonga mawe: hupigi haraka, unapiga palepale.

"Umemaliza?"

"Tena tunaweza kumjengea mnara wa kumbukumbu hapa mjini, tuweke jina lake. Kwa herufi kubwa."

"Mwanangu, miaka hamsini na mitano nimekaa na uongo wa mume wangu kwa sababu ulikuwa unamsitiri yeye na haumuumizi mtu. Wako unataka nikae nao kwa sababu unakusitiri wewe na unanilaza mimi nje. Hata uongo una daraja zake. Huo wako sina pa kuuweka."

"Mama—"

"Na usinishike kiwiko. Nimekuogesha, najua mikono yako inakopita."

Bwana Miwani alikuja akiwa na ubao wa karatasi. Alikuwa amevunjika ule ukavu wake, sasa anazungumza kama mwanafunzi. Alieleza kwamba ofisi haitakubali maneno matupu. Ana karatasi moja na jiwe lenye namba mbili. Anahitaji maandishi ya mtu aliyekuwapo, yanayosema namba ipi ni ya kweli, ya pili ilibakije, na kwa nini. "Na jina la aliyefanya," akaongeza, akitazama chini. "Samahani, bibi. Bila jina hawatayapokea."

"Lete kalamu."

"Naweza kukuandikia mimi, halafu—"

"Nimekwambia lete kalamu. Nilifika darasa la tatu. Linatosha kuandika ukweli. Madarasa ya mbele nadhani ni ya mambo mengine."

Akakaa kwenye kigoda, ubao magotini. Mkwe akasogea nyuma yake. Bibi Kokoto aliandika polepole, herufi zake pana kama za mtu anayepanda mbegu, na kila neno alilimaliza kabla ya kuanza lingine. Aliandika jina kamili la mumewe juu kabisa. Hapo kalamu ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea: Mume wangu aliambiwa ang'oe mawe, aling'oa kumi na moja akachoka. Mengine aliyapaka chokaa. Namba ya kweli ni inayotazama kaskazini. Hapa ni 414. Mimi nilibeba ndoo.

"Mama," mkwe alisema kwa sauti ndogo, "mwanao akisoma hii?"

"Atanuna. Akinuna atataka pa kununia. Bora awe na chumba."

"Lakini baba tulimjua kama..."

"Mlimjua kama kitabu kilivyosema. Mimi nilimjua akiwa anakoroma. Alikuwa mvivu, binti yangu, tena mvivu mwenye akili, na nilimpenda hivyohivyo. Hao walioandika 'bila kuchoka' ndio hawakumpenda, hawakumwona hata siku moja."

Akatia sahihi. Bwana Miwani akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani. Kisha akachukua brashi yake na kikopo cha rangi nyeusi, akaenda ukutani, akapiga mstari mweusi mnene katikati ya ile X, akaandika IMEFUTWA, tarehe, na jina lake. Safari hii aliandika kwa mwandiko mzuri.

Nje, Bwana Pampu alikuwa ameshaingia kwenye gari lake. Alilitia moto, akasubiri, akapiga honi mara moja. Bwana Miwani akatoka na kopo la rangi nyekundu mkononi, akafika dirishani, na wawili hao wakatazamana. Hakuna aliyesikia walichosema. Walioona wanasema mwenyekiti alionyesha kiti cha pembeni, mpima akatikisa kichwa, na gari likaondoka kwa kasi hata kokoto zikaruka.

Basi kijana akaanza kutembea kwa miguu kuelekea kaskazini, kopo likimgonga paja, na nusu ya mkutano ikamfuata kwa nyuma.

"Huendi kutazama?" mkwe akamuuliza.

"Kutazama nini? Mtu mzima akilia?" Bibi Kokoto alijishika magoti akainuka. "Njoo unisaidie cherehani. Imekaa mlangoni tangu jana, inanizibia njia ya jikoni."

Wakaishika wawili, mmoja kila upande, wakaiburuta kurudi chumba cha mbele.